Naomba ushauri: kocha mwenye jina au msaidizi wake?

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Melbourne. Nipo kwenye kamati ya klabu ya mtaani huku, ule mpira wao wa Australia wenye umbo la yai, watu 18 kila upande. Msimu huu tumeburuza mkia, kocha kasepa, tumebaki na majina mawili. Mmoja ana makombe kibao, wazee wa klabu hawasikii la kuambiwa juu yake, mwingine ni msaidizi tu hajawahi kushika timu ila vijana wanamsikiliza. Mi namtaka msaidizi maana Collingwood, timu ya AFL (ligi kuu ya mpira huu), walimaliza wa 17 mwaka 2021 wakampa Craig McRae, hajawahi kuwa kocha mkuu AFL, 2023 wakabeba ubingwa, wakati North Melbourne walimchukua Alastair Clarkson mwenye mataji 4 na Hawthorn na bado wakaendelea kuchapwa tu. Sema wale wana hela, sisi kocha analipwa kiduchu na vijana wakifungwa mfululizo mazoezini hawaonekani. Kwenye usaili niwaulize nini hasa? Na mkataba, mwaka 1 au 2? Waliowahi kukaa kamati za timu nisaidieni, kura Jumanne.