Savitar hana sababu: waandishi wa The Flash walijikanyaga, tuache kuwatetea

Wakuu, kama hujamaliza msimu wa 3 wa The Flash, tamthilia ya shujaa mkimbiaji Barry Allen, ambamo Savitar ndiye adui wake, pita pembeni, humu kila kitu kinamwagwa.

Nimechoka na kauli ya "Savitar ndiye adui mwenye akili kuliko wote". Akili ipi? Na kabla hamjanirukia: silalamikii sayansi. Kijana kapigwa na radi, anakimbia mpaka anaufikia mwaka 2000, hayo tuliyakubali tangu Oktoba 2014. Nalalamika kwamba watu wanajitungia sheria wenyewe, halafu wenyewe ndio wa kwanza kuzivunja.

Sehemu ya 20 Barry anagundua kwamba Savitar ni yeye mwenyewe, nakala ya wakati (Barry wa pili anayetokea akikimbia kurudi nyuma kwenye wakati) iliyobaki hai. Kwa hiyo anachokijua Barry, Savitar anakikumbuka. Sheria nzuri, na inatisha. Sehemu ya 21 Cisco, fundi wa timu ya Barry, anajaribu kuuzuia ubongo wa Barry usihifadhi kumbukumbu mpya, ili wapange bila Savitar kujua. Jaribio linaharibika, Barry anasahau mpaka jina lake. Savitar naye anapoteza kumbukumbu palepale, na Wally, mkimbiaji mwenzao aliyepewa kasi na Savitar, anaishiwa kasi. Sheria imethibitishwa: kinachompata Barry kinampata Savitar papo hapo.

Sasa niulize. Kwa nini kuchezea ubongo wa mtu wakati kumtoa chumbani kungetosha? Funga mlango, wengine wapange, basi. Na tamthilia yenyewe inakiri kwamba hiyo ndiyo dawa. Iris, mchumba wa Barry ambaye kifo chake ndicho kinamzaa Savitar, alipofichwa Dunia-2 (ulimwengu pacha), Savitar ilimbidi ajifanye Barry na kumchota maneno H.R., mwanatimu kutoka dunia nyingine, ndipo akajua aliko. Mwishoni Iris anapona kwa sababu H.R. alivaa sura yake na Barry hakujua. Mpango uliofanikiwa ni ule ambao Barry hakuwemo!

Tuje kwenye saa, yaani muda ambao badiliko la zamani linachukua kumfikia mtu. Msimu wa 1, Eddie, babu wa mbali wa adui Eobard Thawne, anajipiga risasi, na Thawne anayeyuka muda huohuo. Msimu wa 3, Iris hajafa, maana yake kilichomzaa Savitar hakipo tena. Je, anayeyuka? Wapi! Anapewa saa kadhaa za kuzunguka, kumlazimisha Cisco amtengenezee silaha, kulipua maabara na kupigana pambano la mwisho. Sehemu mbili tu nyuma, kumbukumbu ilifutika bila kuchelewa hata dakika. Saa hiyo inaenda haraka wakihitaji mshtuko, na inasinzia wakihitaji pambano.

Lakini yote hayo ningewasamehe kama jamaa angekuwa na sababu. Tunaambiwa Barry wa mbele, baada ya kifo cha Iris, alitengeneza nakala zake kupigana na Savitar. Moja ikabaki hai, timu ikaikataa kwa kuwa si Barry halisi, ikapata kichaa, ikaamua kuwa mungu kwa sababu mungu haumii. Timu ipi hiyo iliyokataa? Hawa ndio waliomkaribisha Harry kutoka Dunia-2, mwenye sura ileile aliyoivaa Thawne, muuaji wa mama yake Barry. Walimsaka, walimshuku, mwisho wakamwachia kiti. Akaja H.R., mwongo tangu siku ya kwanza, naye wakamlea. Halafu Barry wao mwenyewe, mwenye kovu usoni na huzuni ileile, ndiye wamfukuze? Na hatuonyeshwi hata kidogo! Msingi wote wa adui wa msimu mzima ni maneno ya kusimuliwa tu.

Mlinganishe na Thawne. Amekwama mwaka 2000, kasi imemtoka, anataka kurudi kwao, wakati ujao. Njia pekee ni Flash awepo mapema. Ndiyo maana anamuua mwanasayansi Harrison Wells na kuchukua sura yake, anajenga mtambo, unalipuka Desemba 2013 na kumpa Barry kasi, anamlea Barry, anamfundisha kukimbia. Hata wema wake una hesabu. Ukirudia kutazama ukiwa unajua, hakuna tendo linalokuacha ukijiuliza "huyu alifanya hivi kwa nini?"

Jibu #2: Mkuu ni komiki hizi, unataka zipite mtihani? Stelingi anakimbia kuliko sauti lakini kila wiki anasimama kusikiliza hotuba ya adui. Ukianza kuhoji hutamaliza.

Jibu #3: Mkuu mleta uzi, umemchagua Thawne vibaya. Amefutika msimu wa 1, msimu wa 2 sehemu ya 11 huyo karudi. Wakatuambia Speed Force, nguvu inayowapa wakimbiaji kasi, ilimkinga. Savitar naye ni mkimbiaji, kwa nini asipewe kinga hiyohiyo kwa saa chache?

Mleta uzi: #2, tofauti ipo. Kusimama kwa Barry ni uzembe wa kila wiki, hauendeshi hadithi. Msimu wa 1 walikuwa makini hata na ngumi: ili ampasue Girder, adui mwenye mwili wa chuma, ilibidi arudi nyuma maili 5.3 apate mwendo unaozidi sauti. Walijua kupiga hesabu, wakaacha.

#3, umeniongezea ushahidi. Katika sehemu hiyohiyo ya 11, Thawne anaposhikiliwa, Cisco anaanza kufifia kidogokidogo mpaka Barry amrudishe Thawne kwao. Hiyo ni saa ya tatu! Na kama kinga ipo, ilikuwa wapi Savitar alipofutika kumbukumbu? Kinga haichagui siku.

Jibu #4: Naungana na uzi isipokuwa hapo kwa timu. Mnasahau Flashpoint, pale Barry alipobadili wakati ili kumwokoa mama yake. Dante, kaka yake Cisco, alikufa kwa sababu Barry aligusa wakati. Diggle, rafiki yao wa tamthilia ya Arrow, alikuwa na binti Sara, akajikuta na mvulana. Cisco alimnunia Barry kwa wiki kibao. Timu yenye jeraha hilo ingeweza kabisa kumkataa Barry wa pili.

Mleta uzi: #4 hapo umesema kitu, na ndipo hasira yangu inapozidi. Malighafi walikuwa nayo! Sehemu ya 19 karibu yote Barry yuko 2024. Anamkuta Cisco bila mikono, Wally kwenye kiti cha magurudumu hasemi, timu imesambaratika. Wangeweka tukio moja tu: nakala inagonga mlango, Cisco anaitazama, anakumbuka Dante, anaufunga. Dakika mbili. Hawakuweka, kwa sababu sehemu ya 20 walitaka tushtuke Savitar akivua vazi lake. Wameuza sababu ya adui ili wanunue mshtuko wa sekunde kumi, mshtuko ambao mashabiki wengi walishaukisia wiki kadhaa nyuma.

Na ile sehemu ya mwisho, Barry anapomwambia Savitar aje nyumbani, naye akaingia maabara, ndiyo pekee ambayo jamaa anafanana na mtu. Ingekuja sehemu ya 15 tungekuwa na msimu. Imekuja msimu ukiwa unaisha, anaingia, anatazamwa, anatoka, jengo linalipuka.

Anayebisha aje na sehemu na tukio. "Ulikuwa huelewi" sijibu.