Ninayekaa naye hosteli kaacha nyama, sasa anaacha kila kitu. Nifanyeje?

Binti_wa_Ghorofa_ya_Pili:
Wakuu, habari zenu. Nasoma mwaka wa pili hapa Dodoma. Mwenzangu wa chumba muhula uliopita alitangaza ameacha nyama, anakula mimea tu. Sikushtuka, kwa bumu letu hili nani anakula nyama kila siku? Baadaye akaacha mayai na maziwa. Kisha mafuta. Kisha wali, eti wanga. Sasa ni tango, mchicha wa kuchemsha na chai ya rangi. Maharage ya mama ntilie anayasuuza bombani mpaka mchuzi wote utoke, halafu anakula vijiko viwili. Anavaa sweta jua likiwaka, nywele zinajaa kwenye kitana, na pedi zake hazijaguswa tangu chuo kifunguliwe. Nikimgusia ananijibu sijui lishe. Nimpigie mama yake, au nitaonekana mmbea?

Kausha_Damu:
Acheni kuchunguzana. Labda hana hela tu, mchangie.

Binti_wa_Ghorofa_ya_Pili:
Hela anayo mkuu. Juzi katununulia chumba kizima chipsi mayai, akakaa anatutazama tunavyokula. Yeye hakugusa.

Jumamosi_Tulivu:
Mimi Msabato, kwetu nyama haijawahi kupikwa na wote tuna miili yetu, kwa hiyo mboga msizisingizie. Mama akitoa kitu mezani analeta kingine: kunde, choroko, mchicha wa karanga, parachichi. Tunakula tunashiba. Huyo anatoa tu, haleti. Hapo hakuna ulaji wa mimea, kuna hofu ya kunenepa iliyopata jina zuri.

Nesi_wa_Zamu:
Jumamosi kamaliza. Ukisema "nakula mimea tu" hakuna anayekuuliza kwa nini umekataa pilau, ndiyo maana wengine wenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hujificha humo. Kuna daktari Mmarekani, Steven Bratman, mwaka 1997 alibuni jina othoreksia kwa mtu anayeshikwa na ulaji "safi" mpaka unamdhuru. Jina si muhimu sana, mtazame mtu mwenyewe.

Kama hana mimba wala hatumii njia ya uzazi inayozuia hedhi, hedhi kukatika huku anakonda ni mwili kubana matumizi. Baridi na nywele ni hivyohivyo. Vitamini B12 ni kweli anayekula mimea pekee lazima aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa, lakini ini huweka akiba ya muda mrefu, kwa hiyo msidanganyike kwamba kidonge kitamaliza hili. Na hiyo chai akinywa na chakula inazuia madini ya chuma ya mboga.

Tafadhali msimshindilie chakula. Aliyekaa na njaa muda mrefu akila sana ghafla, fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kugoma. Aanzie zahanati ya chuo: presha, mapigo, damu. Akizimia, hospitali usiku huohuo.

Binti_wa_Ghorofa_ya_Pili:
Akisikia daktari wa akili atasema nampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mnajua hapa mjini jina hilo linavyotaniwa.

Nesi_wa_Zamu:
Basi usianzie huko. Mwambie twende wote tukapime damu, na wewe upime. Usimwambie amekonda, kwake hiyo ni sifa. Usibishane naye habari za wali. Mwambie hedhi inakutia wasiwasi.

Shangazi_Mkali:
Mama apigiwe, mdogo wangu. Ila mwambie mwenyewe kwanza kwamba utapiga, usimzunguke. Atanuna wiki nzima, mwache anune. Mama naye mwambie asije na kuku wa kukaanga na makelele.

Binti_wa_Ghorofa_ya_Pili:
Asanteni. Kadi ya bima anayo, kesho asubuhi hatuna kipindi. Akigoma je?

Nesi_wa_Zamu:
Nenda mwenyewe, muulize nesi wa zahanati au ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kusikilizwa wewe hakuhitaji ruhusa yake. Wahi saa mbili, foleni inakuwa bado fupi.