Grunt: kazi ya watch haikomi na app.js inazidi kunenepa

Swali, kutoka kwa fundi_kikapu

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza programu ya tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo hujengwa kwa Grunt, zana ya kuendesha kazi za kujirudia: grunt-contrib-concat huunganisha faili zote za JavaScript kuwa app.js, kisha grunt-contrib-uglify huibana na kuiandika upya kama app.min.js. Kazi hizo nilikuwa nikiziendesha kwa mkono, na kwa kuwa nimewahi kusahau mara mbili nikapandisha faili ya zamani kwenye seva, wiki hii niliongeza grunt-contrib-watch, inayoangalia faili zikibadilika, ili ujenzi (yaani kuunganisha na kubana huko) ujiendeshe wenyewe. Wakati huohuo nilihamisha matokeo kutoka folda ya dist hadi folda ya js, vilimo vyanzo vyenyewe, nisilazimike tena kunakili.

Nilihifadhi kikapu.js mara moja tu, na tangu hapo terminali haikunyamaza. Ujenzi ulirudiwa bila kukoma, na app.js, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 180, ilifika megabaiti 16 kabla sijabonyeza Ctrl+C. Ruwaza (kielelezo cha majina ya faili) niliyoipa concat, na watch pia, ni `'js/**/*.js'`. Je, programu-jalizi hii ina hitilafu?

Jibu, kutoka kwa mzee_wa_terminali

Programu-jalizi haina kosa, ndugu. Kosa limo katika kule kuhama kutoka dist. Ruwaza `js/**/*.js` hushika kila faili ya JavaScript iliyomo ndani ya js, zikiwemo app.js na app.min.js ambazo Grunt yenyewe imeziandika sekunde moja iliyopita. Watch inaona faili zimebadilika, inaamuru ujenzi, ujenzi unabadilisha faili zilezile, na watch inaona tena.

Kuhusu unene, fuata hesabu. Mzunguko wa kwanza unatoa app.js ya kilobaiti 180 na, tuseme, app.min.js ya 80. Mzunguko wa pili concat inaunganisha vyanzo vyako pamoja na hizo mbili, unapata takriban 440. Wa tatu unavuka 800. Ukiendelea hivyo, haihitaji mizunguko mingi kufika kwenye megabaiti 16 zako.

Tenganisha vyanzo na matokeo: vyanzo vikae src/js, matokeo yarudi dist, na watch isiangalie chochote nje ya src. Katika concat andika hivi:

`src: ['src/js/lib/jquery.js', 'src/js/**/*.js', '!src/js/majaribio/**']`

Mpangilio huo una maana. Faili iliyotajwa mwanzoni haiingizwi tena na ruwaza inayofuata, kwa hiyo jQuery, maktaba ambayo faili nyingine huitegemea, itatangulia na haitajirudia. Na alama ya mshangao huondoa kile kilichokwisha kuingizwa, kwa hiyo ukiitanguliza haitaondoa kitu.

Pia, usiiache watch iendeshe uglify. Unapoandika unahitaji concat pekee, nayo ni nyepesi. Kubana kuache kwa kazi nyingine, tuseme `jenga`, inayoendesha clean (inayofuta matokeo ya zamani), concat na uglify kwa zamu kabla ya kupandisha. Clean ielekeze dist, na usome njia hiyo mara mbili. Mimi niliwahi kuielekeza kwenye folda ya vyanzo, nikapoteza kazi ya siku nzima.

Jibu, kutoka kwa kijana_wa_moduli

Kwa heshima zote, mzee, kwa nini tusimshauri aachane na Grunt? Amri moja ya esbuild, zana nyingine ya ujenzi, ndani ya package.json inaunganisha, inabana na kuangalia mabadiliko, tena kwa kasi kubwa mno, bila Gruntfile (faili ya usanidi wa Grunt) yenye mistari mia.

Jibu, kutoka kwa mzee_wa_terminali

Kwa mradi mpya nakubaliana nawe. Lakini faili za namna hii kwa kawaida hazina import wala export, maneno ambayo moduli hutumia kupeana vitu. Kila moja hutegemea vigeu vya jumla vilivyotangazwa na faili iliyotangulia. Concat inazibandika tu moja chini ya nyingine, kwa hiyo zinaendelea kuonana. Esbuild ikiziunganisha kama moduli, kila faili inabaki na upeo wake (eneo ambamo vigeu vyake vinaonekana), na kigeu kilichotangazwa huku hakionekani kule. Kuandika upya faili zote ni kazi ya wiki kadhaa, na yeye ameuliza namna ya kuzima mzunguko.

Jibu, kutoka kwa fundi_kikapu

Shikamoo, mzee, na ahsanteni nyote wawili. Ni kweli, faili zangu hazina import hata moja. Nimerudisha dist, mzunguko umekoma, na app.js imerejea kilobaiti 180. Sasa `grunt jenga` inakwama kwenye uglify, ikilalamikia neno `const` katika faili niliyoiandika mwezi uliopita.

Jibu, kutoka kwa kijana_wa_moduli

Hapo naweza kusaidia bila kubomoa nyumba. Matoleo ya zamani ya UglifyJS, kibanaji kilicho ndani ya grunt-contrib-uglify, yanaelewa ES5 pekee, yaani toleo la zamani la JavaScript, na `const` ilikuja na ES6 mwaka 2015. Sakinisha grunt-terser badala yake, kwani Terser inaelewa sintaksia mpya. Usisahau kwamba kazi yake inaitwa `terser`, hivyo badilisha jina hilo katika usanidi na ndani ya registerTask pia, la sivyo Grunt itaendelea kuitafuta uglify. Kama baadhi ya wateja bado wanatumia vivinjari vya zamani visivyojua ES6, pitisha kwanza faili kwenye grunt-babel, inayogeuza msimbo mpya kuwa wa zamani, kwa sababu Terser hubana tu. Haiteremshi msimbo hadi ES5.