Naomba ushauri: nianzie wapi kufundisha mwisho wa utumwa Marekani?

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kufundisha historia. Nina kipindi kimoja tu cha kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi utumwa ulivyokomeshwa Marekani, na nimekwama kwenye mwaka wa kuanzia. Wengi huanza na tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa, la Januari 1, 1863, ilhali tangazo hilo liliwahusu watumwa wa maeneo ya Kusini yaliyoasi serikali kuu pekee, likawaacha wale wa Kentucky na Delaware, majimbo ambayo hayakuasi, mikononi mwa mabwana wao hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa Desemba 1865. Binafsi navutiwa zaidi na mwaka 1877, ambao vitabu nilivyo navyo huupita mbiombio: serikali kuu iliacha kutumia majeshi yake kuwalinda Weusi wa Kusini, na haki ya kupiga kura waliyoipata kwa Marekebisho ya 15 ikaporwa hatua kwa hatua, hata ikahitajika sheria nyingine mwaka 1965. Je, nikianzia hapo kisha nikarudi nyuma, wanafunzi watanifuata au nitawachanganya?