Tupeane uzoefu: wenye watoto wa baridi yabisi hapa Tanga, mnasaidiwaje na watu wa karibu?

Bint Makorora

Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 9. Ugonjwa umemshika magoti yote mawili, kifundo cha mkono wa kulia na vidole vitatu, na ulianza akiwa na miaka 6. Sijaja kuuliza dawa, maana dawa tunayo na daktari tunaye. Nauliza ya uswahilini: nyumbani, shuleni, chuoni (madrasa), kwa jirani. Nani anawafaa, na kwa lipi hasa?

Naanza mimi. Mwaka wa kwanza nilimuonea mwanangu. Asubuhi anaamka kama ubao, kikombe cha uji hakishiki, kitandani anashuka kwa makalio. Ikifika saa tano unamkuta uani anaruka kamba na wenzake. Jirani mmoja akaniambia, "Huyo anakuigizia, hataki kuosha vyombo." Nami nikaamini. Nimemwita mvivu mara nyingi, na siku moja nilimvuta mkono ule ule mbovu. Baadaye sana ndipo nikaelezwa kwamba ugonjwa wenyewe ndio tabia yake: viungo vinakaza mtoto akilala au akikaa kitako muda mrefu, vikipata joto na mwendo vinalegea.

Aliyetuokoa ni mama muuza vitumbua wa uchochoro wetu. Saa kumi na moja alfajiri moto wake umeshawaka. Akaniambia nilete sufuria, atakuwa ananichemshia maji pembeni ya jiko, mkaa ni ule ule. Huu mwaka wa tatu na hajapokea hata mia. Binti anakaa kwenye kigoda, mikono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa cha moto magotini, anamtazama yule mama anavyogeuza vitumbua kwa kijiti. Chuma kina matundu saba. Siku nzuri, chuma cha pili kikiepuliwa vidole vimeshafunguka. Siku mbaya inafika hadi cha sita. Daktari alipouliza asubuhi mtoto anakaza kwa muda gani, binti akamjibu mwenyewe: "Vyuma vinne." Daktari akacheka, halafu akaomba aelezwe chuma kimoja kinaiva kwa dakika ngapi, akaandika.

Haya, wengine.

Mtu wa Ngamiani

Pole dada. Ila usiache kuangalia na upande wa pili. Viungo vya mtoto kukaza alfajiri, mchana akawa hana neno, hilo mie nalijua ni zongo, jicho la husuda. Mpeleke akasomewe.

Bint Makorora

Amesomewa, kaka, tena na babu yake mzaa baba. Na dawa anakunywa. Havijagombana.

Kijana wa Duga

Mie ndiye mtoto mwenyewe, ila sasa nina miaka 27. Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka 4, goti la kushoto tu. Shule niliyosoma, ukichelewa ulikuwa unapokelewa getini na kiboko. Mie nilikuwa nachelewa kila siku kwa sababu goti lilikuwa halikunjuki mpaka jua lipande. Sitaitaja shule wala mwalimu, wengine wametangulia mbele ya haki. Ninachokumbuka si maumivu ya fimbo. Nilikuwa najua kesho tena nitachelewa, na hakuna ninachoweza kufanya.

Msaada ulitoka kwa mtoto mwenzangu wa darasa la nne. Kwao kulikuwa na baiskeli kubwa ya baba yake, anaendesha mguu mmoja umepita katikati ya fremu kwa sababu kwenye siti hafiki. Akawa ananipitia, nakaa kwenye keria, tunafika kengele haijalia. Hakuwahi kuniuliza naumwa nini. Baadaye akanifundisha kuendesha, nikagundua kwamba kilomita ambayo siwezi kuitembea naiendesha bila shida. Wenyeji mnajua mji wetu ulivyo tambarare, na kila nyumba ina baiskeli. Nadhani ningezaliwa Lushoto kwenye ile milima ningekuwa mtu mwingine kabisa.

Jambo moja ambalo wazazi wangu hawakuambiwa mapema: goti lililovimba utotoni linaweza kuufanya mguu ule ukue haraka kuliko mwenzake. Wangu umezidi. Nilikuwa nachechemea kwa urefu, watu wanadhani ni maumivu. Fundi viatu wa Barabara ya 9 akaniongezea soli kiatu cha kulia, mgongo ukaacha kuniuma. Kila kiatu nikinunua lazima kipite kwake kwanza.

Fundi Spoku

Hapo kwenye baiskeli niingie maana ndiyo kazi yangu. Wazazi wengi wakija na mtoto mwenye magoti wanataka siti ishushwe mpaka chini, eti asianguke. Hapana. Siti ikiwa chini goti linakunjwa mno kila mzunguko, ndipo linapouma. Ipandishwe, mguu ukifika chini ya pedeli uwe karibu umenyooka. Aanze na baiskeli ndogo yenye fremu ya kike ili apande bila kurusha mguu juu. Na mikononi namfungia mpira wa tyubu kuukuu kwenye mpini, unakuwa mnene, hahitaji kukaza vidole. Mpira huo siuzi, uko tele hapa kibandani, njooni mchukue.

Mwalimu wa Chaki

Fundi, umenikumbusha. Huo huo mpira wa tyubu ndio tulioviringisha kwenye kalamu ya mwanafunzi wangu. Kalamu ikawa nene kama muhogo, wenzake wakacheka siku mbili, wiki iliyofuata nusu ya darasa wana kalamu zenye mpira.

Lakini nikiri kosa kwanza, maana uzi ni wa uzoefu. Nilipopewa barua ya daktari wake nilifurahi kwamba nitasaidia. Asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima, nikatangaza kwamba fulani ni mgonjwa wa viungo, asifagie, asisukumwe, tumuonee huruma. Nilijiona nimefanya la maana. Mtoto hakuja shule siku tatu. Mama yake akaja, hakupiga kelele, akaniambia tu: "Mwalimu, yeye alikuwa anataka kalamu na kiti. Huruma hakuomba." Nilimwomba radhi mtoto kwanza, ndipo nikamwomba mama.

Siku hizi nafanya kimyakimya. Anakaa mwisho wa dawati ili asimame anyooke bila kuomba ruhusa. Wakati wenzake wanafagia kwa fagio la chelewa, kazi ambayo inataka kuinama kabisa, yeye anashika daftari la mahudhurio na anawaita majina kwa sauti ya ubabe kidogo. Akichelewa anaingia, basi. Kwenye michezo namwacha aamue mwenyewe, maana kuna siku anakimbia na kuna siku anakaa kuhesabu magoli. Nilikuwa namkataza kukimbia mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia nimuache, kukaa tu kunamkaza zaidi.

Nesi Mstaafu

Nimewasoma wote. Nilifanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, niongeze machache.

Jina lenyewe linatuponza. "Baridi yabisi" tunaiita ya bibi aliyechoka magoti, tunaiita na ile homa ya baridi yabisi inayofuata koo na kuharibu moyo, halafu tunaiita na hii ya watoto. Ni vitu vitatu. Hii yetu huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, kiungo kinavimba na kukaza kwa wiki 6 au zaidi, na hakuna sababu nyingine iliyopatikana. Haikuletwa na sakafu wala kuoga maji ya baridi. Kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia viungo. Kwa hiyo acheni kuwalaumu kina mama kwamba walimlaza mtoto chini.

Hapa pwani mtoto akilia mifupa watu wanawaza selimundu (siko seli), na ni sawa kuwaza hivyo, apimwe. Lakini kipimo cha selimundu kikitoka safi, msirudi nyumbani mkasema hana kitu. Vilevile kile kipimo cha damu cha baridi yabisi ya watu wazima, watoto wengi wenye ugonjwa huu kinatoka hasi. Nimeona watoto wamerudishwa nyumbani kwa karatasi hiyo moja. Daktari anatakiwa ashike goti kwa mkono wake.

Sasa macho. Hili naomba mlisome mara mbili. Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila jicho kuwa jekundu, bila kuuma, mtoto halalamiki. Akija kulalamika haoni ubaoni, umeshaacha makovu, wakati mwingine na mtoto wa jicho au presha ya jicho juu yake. Ndiyo maana anaangaliwa kwa ile mashine ya macho yenye taa nyembamba hata kama anasema anaona vizuri, wengine kila miezi mitatu au minne kadiri daktari atakavyopanga. Wenye viungo vichache na walioanza wadogo ndio wa kuchungwa zaidi. Kijana wa Duga, wewe ulikuwa kundi hilo hilo.

Na anayetumia dawa za kushusha kinga, kabla ya chanjo yoyote amwambie mchanjaji. Basi, nisiwachoshe.

Kijana wa Duga

Macho yangu hayajawahi kuangaliwa, bibi. Nitaenda hospitali ya Bombo Jumatatu.

Mama Pongwe

Nesi umesema dawa. Jamani, hili lilinipata mimi. Mwanangu ana miaka 7, anatumia methotreksati, vidonge vinanywewa mara moja kwa wiki. MARA MOJA KWA WIKI. Nilikwenda msibani Muheza, nikamwachia mama mkwe. Pale dirishani walipotupa dawa, kwenye bahasha wameandika vidonge vingapi, ya wiki hawakuandika, na mie nilisahau kusema. Bibi wa watu, kwa mapenzi yake, akampa kila usiku. Nimerudi siku ya nne mtoto mdomo una vidonda, chakula hali. Tulikimbia hospitali, akalazwa, damu ikapimwa, akapewa ya kuiondoa sumu. Alhamdulillahi amepona. Bibi alilia kuliko mtoto.

Sasa tumeiita "dawa ya Ijumaa". Watu wakitoka msikitini, anakunywa. Bibi anajua, watoto wa nyumba ya pili wanajua, hata muuza kahawa anayepita na birika akiona Ijumaa anauliza, "Kidonge tayari?" Vile vya foliki, vya kupunguza madhara ya dawa hiyo, vimekaa chupa nyingine kabisa, yenye kamba nyekundu. Jumamosi huwa amechoka na kichefuchefu, kwa hiyo hatumpangii kazi, na shule hakuna.

Kuhusu hela, kina mama wa upatu wetu wamenibadilishia zamu. Mwezi wa kliniki ya Dar unakuwa wangu, hata kama jina langu lilikuwa la mwisho. Hawakufanya kikao. Mmoja alisema tu, "Huyu atangulie."

Kinachonishinda mpaka leo ni choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Magoti yakiwa yamevimba hawezi kushuka, na akishuka hanyanyuki, mpaka aite. Ana miaka 7, anaanza kuona haya kuniita. Anajizuia mpaka tumbo linamuuma. Wenzangu mnafanyaje?

Babu wa Sahare

Nitajibu la bahari, la choo wapo wanaojua. Mjukuu wangu nampeleka majini. Maji ya chumvi yanambeba, magoti hayasikii uzito, anapiga mateke mpaka nachoka mimi. Lakini angalieni mwezi. Siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, yanavuta, mtoto asiyekuwa na nguvu ya miguu msimwingize. Subirini maji mafu, na muda yanapojaa, mchana yakiwa yamepata jua. Upepo wa kusi ukivuma asubuhi anatoka anatetemeka na kukaza upya, kwa hiyo miezi ile tunakwenda alasiri, na kanga mbili kavu.

Chuoni nako kulikuwa na maneno. Wote wanakaa mkekani, yeye hawezi kukunja miguu saa nzima. Nilimwendea ustadhi na hoja zangu nimezipanga kama wakili. Hakunisikiliza hata ya kwanza. Akasema mtu mzima mwenye goti anaswali kwenye kiti, iweje mtoto? Akatoa stuli yake mwenyewe. Tatizo sasa kila mtoto ana goti, wanagombania stuli.

Fundi Spoku

Mama Pongwe, chukua kiti cha plastiki kisicho na mikono, kile kigumu, si cha kupepesuka. Kata tundu katikati, pana kama sahani, kingo uzisage kwa msasa halafu uzivishe tyubu iliyopasuliwa ili zisimkwaruze. Kinawekwa juu ya tundu la choo, akimaliza kinaoshwa kinaegeshwa ukutani. Na ukutani mpigilieni bomba la kushika. Nilimtengenezea mama yangu alipovunjika nyonga.

Mama Pongwe

Kiti ninacho kimoja ila kina mikono. Kitafaa?

Fundi Spoku

Mikono iache basi, itamsaidia kunyanyukia. Niletee Jumamosi asubuhi, niko karibu na stendi ya zamani ya daladala za Pongwe. Njoo na mtoto nimpime urefu, nisije nikampa kiti miguu inaning'inia.

Mama Pongwe

Jumamosi ni kesho yake ya dawa, huwa halali vizuri. Naweza kuja saa nne?

Fundi Spoku

Njoo saa yoyote. Tyubu naanza kuipasua leo.