Hayabusa mpya: acheni kulilia farasi saba, tunaibiwa kwingine kabisa

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja na hasira.

Tangu Suzuki watoe pikipiki yao ya Hayabusa ya kizazi cha tatu mwaka 2021, kila nikipita kwenye mjadala wa pikipiki kubwa nakuta kilio kilekile. Ya zamani ilikuwa na nguvu farasi 197, hii mpya ina 190. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilikuwa Nm 155, sasa 150. Basi wanaume wazima, wengine wana wajukuu, wanaanua matanga na kuyatandika tena. "Wameihasi!" "Sheria za moshi za Ulaya zimeua mnyama!" Kuna mmoja wa Nairobi juzi kaandika aya ndefu kama hotuba ya bajeti, zote ni farasi saba tu.

Bwana mkubwa wa Nairobi, nikuulize kitu. Hewa unayovuta huko ni ya wapi?

Mimi nakaa Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo wala supachaja, zile pampu za kuishindilia hewa, inaishi kwa hewa inayoivuta yenyewe, na huku juu hewa ni nyepesi. Chukua hesabu ya mafundi, kwamba kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Utakuta mji umeshakula farasi zaidi ya 20 kabla hujatoka getini kwako. Nairobi mko juu kuliko sisi, kwa hiyo mnaliwa zaidi. Wenye haki ya kulilia saba ni watu wa Dar na Mombasa, na hao sijawasikia.

Tena wale saba hata hawakupotea kizembe. Injini ni ileile ya cc 1340 waliyoanza nayo 2008, lakini ndani wamebadilisha pistoni zikawa nyepesi zaidi, wakabadilisha na kemushafti inayofungua vali, wakahamisha nguvu kutoka kileleni kuja katikati. Suzuki wenyewe walisema ndiyo Hayabusa inayochomoka haraka kuliko zote zilizotangulia. Nilikuwa na ya kizazi cha pili kwa miaka, sasa ninayo hii, na nakubaliana nao. Kati ya mizunguko ya injini 4,000 na 7,000 kwa dakika, pale ambapo mtu mwenye akili timamu anaendeshea, mpya inavuta vizuri zaidi. Farasi wenu saba wanaishi juu ya 9,000. Pale Busega unaingia barabara ya kulipia ya Entebbe, unalipa shilingi 3,000 kwa pikipiki ya zaidi ya cc 400, halafu kikomo ni kilomita 100 kwa saa. Ukiwa gia ya sita kwenye mwendo huo, mshale haujafika hata 4,000. Utawatumia wapi hao saba? Mwenye jibu asiandike, aende akawaeleze trafiki.

Na kama kupoteza nguvu ndiyo dhambi, mbona hamwendi kupiga kelele kwa wengine? Ducati Panigale V2 ilikuwa na farasi 155. Toleo jipya la 2025 lina 120. Yamaha R1 kule Ulaya tangu 2025 inauzwa ya kiwanja cha mashindano tu, barabarani hairuhusiwi. Suzuki wamenyoa nywele mbili kichwani, mnatangaza upara.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Ile ya zamani ilikuwa na waya wa akselereta. Unazungusha mkono, waya unavuta, injini inapokea. Ikileta shida na taa ikawaka, unafungua kiti, unatafuta soketi ile nyeupe, unaunganisha kwa kipande cha waya, na dashibodi yenyewe inakuandikia kosa. C00 maana yake hakuna kosa. C12 ni sensa ya krenki. C14 ni sensa ya akselereta. Fundi wangu wa Katwe, mzee ambaye kusoma Kiingereza si kazi yake, alikuwa na orodha ya namba hizo imeandikwa kwa kalamu ukutani, na alikuwa hakosei. Spea ikikosekana anakwambia subiri, anazunguka soko la spea la Kisekka, anarudi na kitu cha gari alichokikata kikakaa.

Hii mpya waya hauna. Mkono wako unaongea na sensa, sensa inaongea na kompyuta, kompyuta ikiridhika ndiyo inafungua koo la injini. Kuna sensa ya Bosch inayopima pikipiki imelala vipi kwa mihimili sita. Kuna viwango 10 vya kuzuia tairi lisiserereke, viwango 10 vya kuzuia gurudumu la mbele lisinyanyuke, kuna mfumo wa kuondokea mbio kama uko kwenye mashindano. Mfumo wa kuondokea mbio, jamani! Pale mataa ya Wandegeya umezungukwa na boda hamsini, abiria wa mmoja kaweka goti kwenye kioo chako, utaondoka mbio kwenda wapi?

Sisemi yote ni upuuzi. Kupandisha na kushusha gia bila klachi ni raha, sirudi nyuma. Breki za Brembo za mbele zinakamata vizuri mno. Kitufe cha kushikilia mwendo, kwa safari ya Gulu, mkono wa kulia unashukuru. Usukani wameusogeza karibu kidogo na mgongo umepata nafuu. Haya nayakubali. Tatizo ni kwamba vile vya umeme kati ya hivyo vinategemea kompyuta, na kompyuta hiyo hapa Kampala haina daktari.

Yalinikuta barabara ya Jinja, nimeshapita Lugazi, naingia Mabira. Taa ya njano ikawaka, skrini ikaandika maneno, na pikipiki ikaamua kujilinda. Mimi navuta, yenyewe inanitazama. Mashine ya kilo 264 inayoweza kufika 299 kwa saa inatembea kama mzee anayetoka kliniki. Pale Najjembe wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, wakanikimbilia wakidhani nimepunguza mwendo ninunue. Boxer, pikipiki ndogo ya boda, imebeba mikungu ya matoke ikanipita, na dereva akageuka kunipa pole. Ssebo, yaani bwana wangu, ile pole sitaisahau.

Nikampigia aliyeniuzia. Simtaji jina, wenye macho mnamjua. Siku ya kununua alinikalisha kwenye kiti cha ngozi, akanipa soda, akanionyesha skrini inavyobadilika rangi, akabonyeza hali ya A, ya B, ya C, akaniambia "huduma zote ziko hapa hapa, mzee wangu". Sasa simu ya kwanza: "Hayo ni mafuta machafu, badilisha kituo." Nikabadilisha, taa imekaa. Simu ya pili: "Chomoa betri usiku kucha, itasahau." Haikusahau. Simu ya tatu ndiyo ukweli ukatoka: mashine ya kusoma makosa ya hii pikipiki hana. Hajawahi kuwa nayo. Yupo mtu Nairobi, tungoje akija.

Yaani mtu anauza pikipiki ambayo haiwezi kutibiwa bila kompyuta, na hiyo kompyuta hana! Na si kwamba bei ilikuwa ya urafiki. Marekani iliingia sokoni kwa dola 18,599. Kwa dola ya shilingi 3,600, hiyo ni karibu milioni 67 kabla hujasafirisha, kabla ya ushuru, kabla ya VAT ya asilimia 18. Kwa pesa hiyo unaweka Boxer kama kumi stejini na kila jioni unakusanya chako. Mimi nimeiweka kwenye kitu kimoja, na hicho kitu kiko kwenye uwanja wa mtu Njeru, karibu na Jinja, kimefunikwa turubai.

Nilipomwambia anirudishie hata sehemu ya gharama ya kuja kuichukua, akaniambia "wewe mkubwa, pikipiki za namna hii si za kila mtu". Nilinyamaza. Nadhani ndipo uzi huu ulipozaliwa.

Kuna na haya mengine, nayapitia haraka. Tangi lilikuwa lita 21, sasa 20, sijui hiyo lita moja iliwakosea nini. Tumbo la pikipiki liko milimita 125 kutoka ardhini, na matuta yetu yamejengwa na watu walioapa lori lisipite. Utayapita kwa kukata kona kama nyoka, ama utaacha rangi. Joto la foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, feni ikianza, mapaja yanaiva. Hilo hata kwenye ile ya zamani lilikuwepo, nilitarajia miaka yote hiyo walau walifikirie. ABS, ule mfumo wa kuzuia breki zisifunge tairi, haizimiki. Kwenye lami ni mwokozi, sibishi, na ile ya 2008 haikuwa nayo kabisa, ilikuja 2013. Lakini zipo njia za nyumbani kwetu ambapo lami inaisha bila kuaga, unashtukia uko kwenye udongo wa moramu na mteremko uko mbele. Breki inaachia, inakamata, inaachia, na wewe unaendelea kwenda tu.

Na wao, badala ya kugusa lolote kati ya hayo, wakatuletea toleo la miaka 25. Rangi ya chungwa na nyeusi. Asanteni.

NYONGEZA (naona mmejibu wengi, najibu kwa pamoja)

Aliyesema "uza, rudi kizazi cha pili": nimefikiria. Ila zinazoingia sasa kupitia Mombasa nyingi zimeshachoka, na kilomita za kwenye dashibodi ni hadithi. Nimeona moja inasema kilomita elfu kumi na mbili, vishikio vya mkono vimelika hadi vinang'aa. Atakayeniletea ya 2013 kwenda juu, yenye ABS, sahani za breki hazijaliwa, tutaongea.

Mwana wa Mwanza uliyesema mimi ni mwoga wa teknolojia: soma tena. Sina ugomvi na sensa. Nina ugomvi na sensa isiyo na msomaji. Ulaya sheria imewalazimisha viwanda waweke soketi ya kiwango maalumu ili kifaa chochote kinachofaa kiweze kusoma makosa, na hiyo soketi iko kwenye hii pikipiki yangu, ya pini sita, nimeiona kwa macho. Kilichokosekana ni kifaa na mtu aliyefundishwa kukitumia. Hilo halikuharibiwa na kiwanda, limeharibiwa na muuzaji aliyeona ni nafuu kununua soda.

Dada wa Entebbe uliyeuliza kama ya kwako mpya nayo ina hatari: endesha, ni pikipiki nzuri, sijasema ni mbaya. Ila kabla hujaenda mbali na mji, mwulize aliyekuuzia akuonyeshe hiyo mashine ya kusoma makosa, aiwashe, aichomeke kwenye pikipiki yako ukiwa umesimama pale. Asikuonyeshe picha kwenye simu. Akianza kukueleza habari za mafuta machafu, umeshajua.

Na wewe wa Nairobi uliyerudi na farasi saba, sikujibu.

Nawaomba wenye hizi pikipiki Kampala, Jinja, Mbarara, iwe Suzuki au nyingine yoyote iliyokuja na haya mambo ya umeme: tuchange tununue kifaa chetu. Kikae kwa fundi mmoja tunayemwamini, anayelipwa kwa kazi. Mimi napendekeza yule mzee wa Katwe. Mwanawe anajua kompyuta na mzee anajua injini. Nimeshaongea naye, anasema alete ukuta mwingine wa kuandika namba.

Kabla ya hapo, nina haraka. Mwenye kifaa kinachosoma soketi ya pini sita na kinachoielewa Suzuki ya 2021 kwenda juu, aniandikie faragha. Nalipa, na nauli ya kufika Njeru ni juu yangu. Mwenye uwanja ameshaanza kunidai pesa ya maegesho.