Mjadala: Polad Talabani ni komando aliyeonewa au mtoto wa ukoo?

Msemakweli: Wakuu, Agosti 2025 vikosi vya Sulaymaniyah, mji wa Wakurdi kaskazini mwa Iraq, viliizingira hoteli ya Lalezar, risasi zikarindima hadi kukapambazuka. Mwanasiasa Lahur Talabani akakamatwa, na nduguye Polad pia. Wanadaiwa kula njama dhidi ya binamu yao Bafel, kiongozi wa PUK, chama cha Wakurdi chenye nguvu huko Sulaymaniyah. Polad huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa CTG, makomando wa Kikurdi waliofanya kazi na Wamarekani dhidi ya kundi la Islamic State (IS). Anastahili kesi, au anamalizwa kisiasa?

Kijana wa Pwani: Tumlilie wa nini? Ami yake ni hayati Jalal Talabani, rais wa zamani wa Iraq. Kule hakuna jeshi, kuna walinzi wa familia.

Nyota ya Alfajiri: Walinzi wa familia? Nani aliingia Hawija, mji uliokuwa mikononi mwa IS, Oktoba 2015 pamoja na Delta Force, makomando wa Marekani, usiku, kwa helikopta, wakawatoa Peshmerga 70, wapiganaji wa Kikurdi, waliokuwa wamekwisha kuchimbiwa makaburi? Waheshimu waliokwenda.

Mzee Kobe: Dada, hao hawakuwa Peshmerga. Walifuatwa Peshmerga, wakakutwa Waarabu, zaidi ya ishirini kati yao wakiwa wa vikosi vya usalama vya Iraq. Aliyekufa siku ile ni Mmarekani, Joshua Wheeler.

Nyota ya Alfajiri: Sawa, Waarabu. Kwa hiyo Mkurdi kuhatarisha roho yake kumwokoa Mwarabu ni dosari? Huyo Wheeler mwenyewe alikimbilia kuwasaidia Wakurdi waliobanwa na risasi.

Mzee Kobe: Sikusema ni dosari. Nilisahihisha.

Kijana wa Pwani: Mnaimba Hawija, mbona Kirkuk, mji wa mafuta waliokuwa wakiushika Wakurdi, mnanyamaza? Tarehe 16 Oktoba 2017, wiki tatu tu baada ya kura ya uhuru wa Wakurdi, watu wa PUK waliondoka kwenye mahandaki, jeshi la Baghdad likaingia. Erbil, makao makuu ya serikali ya Wakurdi, mpaka leo wanauita usaliti.

Msemakweli: Jamani, nimeuliza habari za Polad.

Bin Seif: Kirkuk wanalaumiwa Bafel na Lahur, wote wawili, na wote wanakana. Usimtwike Polad mzigo wa nduguye. Na Erbil wasijitoe: huko nako vikosi ni vya ukoo wa Barzani, wapinzani wa Talabani.

Kijana wa Pwani: Ndicho nilichosema tangu mwanzo! Ukoo mmoja huku, ukoo mwingine kule.

Bin Seif: Hapana, ulisema hakuna jeshi. Kuna jeshi, watu wamekufa ndani yake. Kinachoniuma ni hiki: Julai 2021 Bafel alimng'oa Polad kwenye uongozi wa CTG, akamweka Wahab Halabjayi. Miaka minne baadaye CTG hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyopelekwa Lalezar. Vijana waliofundishwa kuwinda IS walitumwa kwa bosi wao wa jana. Mahakama ya Sulaymaniyah itamsikiliza nani hapo?

Nyota ya Alfajiri: Kijana, bado hujawaomba radhi wa Hawija.

Kijana wa Pwani: Siombi. Nijibuni kwanza Kirkuk.